Mawe ya figo yanayorudi: huenda ni tezi iliyojificha kifuani

Shangazi yangu aliugua mawe ya figo mara tatu, na kila mara tulilaumu maji ya kisima. Mifupa ilipomuuma tukasema ni utu uzima. Mwaka jana daktari mmoja akampima kalsiamu kwenye damu. Ilikuwa juu.

Ndugu msomaji, shingoni nyuma ya tezi ya thiroidi mna tezi nyingine, kwa kawaida nne, kila moja kama punje ya mchele. Ndizo parathiroidi, na kazi yake ni kulinda kiwango cha kalsiamu. Moja ikiota uvimbe hutoa homoni kupita kiasi, ikachota kalsiamu mifupani na kuimwaga damuni. Mgonjwa huchoka, hufunga choo, hukojoa sana na kupata mawe.

Ultrasaundi ya shingo haikuonyesha kitu. Tukashusha pumzi, tukidhani hana ugonjwa. Daktari akatukatalia: kipimo cha damu, yaani kalsiamu pamoja na homoni yenyewe, ndicho kinachothibitisha ugonjwa, picha huonyesha tu ulipo. Mtoto akiwa tumboni, tezi hizi husafiri kuteremka shingoni. Nyingine hupitiliza hadi kifuani, nyingine hubaki karibu na taya au huzama ndani ya thiroidi. Picha ya nyuklia na skani ya CT ziliikuta ya shangazi nyuma ya mfupa wa kidari.

Nahodha Mmarekani Charles Martell hakuwa na vipimo hivyo. Ugonjwa huu ulimpunguza urefu kama sentimita 18. Alipasuliwa mara sita bure. Mara ya saba, mwaka 1932 huko Boston, uvimbe ukapatikana kifuani. Figo zilikuwa zimeshaharibika, akafariki wiki chache baadaye.

Tiba hasa ni kuutoa uvimbe. Dakika kama 10 baadaye homoni hupimwa tena. Ikishuka zaidi ya nusu, kuna matumaini makubwa kwamba tezi yenyewe imepatikana. Baada ya hapo ukihisi ganzi mdomoni au vidoleni, rudi hospitali upesi, kalsiamu huenda imeshuka mno. Asiyeweza kupasuliwa huweza kupewa vidonge vya kuishusha.

Shangazi amepona, alhamdulillahi. Nawe mawe yakikurudia, usiishie kulaumu kisima. Mwombe daktari akupime kalsiamu.