Dalali wa Dar es Salaam na cheti kisichokuwepo

Anayetafuta chumba Sinza au Kijitonyama leo hulipa mara tatu kabla hajaingiza godoro. Kwanza hela ya kuonyeshwa, ambayo hairudi hata chumba kikiwa kinavuja. Halafu kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine hudai ya mwaka. Na juu yake kodi ya mwezi mmoja ambayo ni ya dalali, na hiyo haina risiti. Kwa kuwa nilifanya kazi ya uthamini wa majengo mpaka nikastaafu, vijana huniuliza namjua dalali gani mwenye cheti. Huwa nawajibu kwamba mji huu umepangishwa na kuuzwa na madalali kwa karibu miaka mia bila mtu kuwadai cheti, na kwamba sababu za kutowadai zilikuwa nzuri. Sababu zimeondoka, madalali wamebaki.

Tuanzie Kariakoo. Wajerumani walishaugawa mji kabla ya Vita Kuu ya Kwanza: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati, Waafrika wakasogezwa magharibi, ng'ambo ya uwanja ambao sasa ni Mnazi Mmoja. Waingereza walipoingia, kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, kikapiga kambi upande huo, ndipo jina Kariakoo lilipotoka. Viwanja vilipimwa kwa mistari iliyonyooka, na juu yake watu wakajenga nyumba ya Kiswahili: ukumbi mrefu kutoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, jiko na choo nyuma, baraza mbele. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili na familia yake. Vilivyobaki alipangisha.

Nyumba ile ndiyo iliyomfunga dalali mikono. Mpangaji alipikia ua mmoja na mke wa mwenye nyumba, akapanga foleni ya choo kimoja, akapita ukumbi mmoja usiku akirudi. Huwezi kumwingiza mtu usiyemjua katika maisha ya namna hiyo. Kwa hiyo dalali wa wakati ule alikuwa kwanza mwenyeji wa mgeni: Mluguru mwenzake, Mmanyema mwenzake, au mtu wa ngoma moja. Alimpeleka mgeni barazani, mwenye nyumba akamsaili: wa wapi, umefikia kwa nani, kazi yako ipi? Dalali akipata chochote, kiliitwa chai. Mpangaji akitoroka na kodi ya miezi miwili, wa kuulizwa hakuwa mbali, alikuwa pale pale jioni akicheza bao, na aliulizwa mbele ya wenzake. Adhabu hiyo bodi yoyote ya usajili ingeionea wivu. Sensa ya 1957 ilihesabu watu wasiofika 130,000 mji mzima, na katika mji wa ukubwa huo aibu inamfikia mtu kabla ya jua kuzama.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika kwa njia ambayo nadhani haijaandikwa vya kutosha. Mwaka 1963 umiliki wa ardhi wa kudumu ulifutwa, kila kiwanja kikawa cha kupangishwa na serikali. Kisheria ardhi tupu haikuwa na bei. Tulipofundishwa uthamini pale Chuo cha Ardhi tulihesabu matofali, mabati, uzio, hata minazi na miembe mmoja mmoja, lakini ardhi yenyewe tuliiandika sifuri. Uliweza kusimama Oysterbay, upepo wa bahari unakupiga usoni, ukaandika sifuri kwa mkono wako. Dalali aliyekuwa ananisubiri nje ya geti alijua bei halisi hadi mia ya mwisho. Mauziano yaliandikwa kwamba mtu ameuza msingi na minazi sita, na kila aliyeweka saini alijua minazi sita haifikii hela ile. Hali hiyo ilidumu mpaka Sheria ya Ardhi ya 1999 ilipokubali kwamba ardhi ina thamani. Kwa zaidi ya miaka thelathini, basi, bei ya kweli ya ardhi ya Dar es Salaam ilihifadhiwa na watu ambao serikali haikuwatambua.

Aprili 22, 1971 ilileta biashara nyingine. Siku ile majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 yalitaifishwa, mengi yakiwa ya Waasia wa katikati ya mji, na akawekwa Msajili wa Majumba ayasimamie. Kodi ikawa ndogo kuliko bei ya soko, na palipo na pengo kama hilo dalali hakosi. Mtu aliyekuwa na ghorofa la Msajili, au baadaye la Shirika la Nyumba, alimwachia mwenzake kwa kilemba, hela nene ya mara moja, jina kwenye mkataba likabaki la yule wa kwanza. Hapo dalali akajifunza kufanya kazi bila karatasi, na kusema kweli alijifunza vizuri.

Mwaka 1984 unanichekesha kila nikiukumbuka. Tanzania ilitunga sheria mpya ya kudhibiti kodi za nyumba. Kenya, mwaka huo huo, ilitunga sheria ya mawakala wa nyumba, ikaunda bodi ya kuwasajili, na kufanya kazi hiyo bila usajili ikawa kosa. Sisi tulidhibiti bei, wao wakadhibiti mtu. Sheria yetu ya kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na nafasi yake kwa upande wa dalali haikujazwa na kitu. Nairobi nayo ina matapeli wake, wala siisifu kupita kiasi, lakini mtu wa huko aliyeibiwa ana mlango wa kubisha.

Halafu mji ukalipuka. Mradi wa Viwanja 20,000 ulianza mwaka 2002 ukafungua Mbweni, Bunju, Tuangoma na kwingine, simu za mkononi zikaenea, na sensa ya 2022 ikahesabu watu zaidi ya 5,380,000. Dalali wa leo huenda hajawahi kumwona mwenye nyumba. Amepewa namba na dalali wa pili, aliyepewa na wa tatu, na kodi ile ya mwezi mmoja wanagawana wote. Kiwanja nacho huuzwa kwa karatasi yenye mistari iliyochanwa kwenye daftari, majina ya mashahidi chini, dole gumba la zambarau, na mhuri wa serikali ya mtaa, ambayo sehemu nyingi imezoea kudai asilimia 10 ya bei. Nimeshika karatasi mbili za namna hiyo za kiwanja kimoja, mhuri ule ule, zikipishana wiki tatu.

Ajabu ni kwamba udalali wenye sifa tunao. Dalali wa mahakama, anayeuza nyumba ya mtu kwa amri ya hakimu, chini ya kanuni za 2017 lazima awe na cheti cha mafunzo kutoka Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto. Mthamini tangu sheria ya 2016 ana bodi yake. Anayeuza nyumba yako kwa ridhaa yako mwenyewe hahitaji kuwa amesomea chochote. Leseni ya biashara na namba ya mlipakodi huonyesha kuwa analipa kodi, basi.

Kwa hiyo anayeniuliza namwambia aanze na ofisi. Dalali awe na mlango wenye kufuli na mtu anayeweza kutajwa kwa jina mtaa huo. Atoe barua ya mwenye nyumba ya kumruhusu kuuza au kupangisha, na risiti ya kila shilingi. Kama ni kununua, ombi la upekuzi kwa Msajili wa Hati lipelekwe na mnunuzi mwenyewe, asiletewe majibu ndani ya bahasha. Dalali anayenuna kwa hilo umeshamjua.

Kuna binti wa mtaani kwetu aliyemaliza Chuo Kikuu cha Ardhi akaingia kwenye kazi hii. Shahada yake imetundikwa ukutani, nyuma ya meza. Anasema wateja hawaiangalii. Wanachouliza ni kama anamfahamu mwenye nyumba, naye huchukua simu, akampigia palepale, akaweka spika.