Tanga: Hesabu za duka kwenye simu zinavyopunguza kodi na hasara

Tanga. Kwenye maduka mengi ya Ngamiani daftari lipo. Ni lile la madeni, limening'inizwa kwa kamba karibu na mzani, na kila anayedaiwa anajulikana mpaka shilingi ya mwisho. Lakini muulize mwenye duka ameuza kiasi gani wiki iliyopita, au mchele umemwachia faida gani baada ya kutoa nauli na makato ya simu. Hapo anaanza kukadiria.

Kukadiria huko kunakula fedha, na pa kwanza kuonekana ni TRA.

Mwenye kumbukumbu analipa kidogo

Kwa viwango vya kodi ya makadirio vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mfanyabiashara mwenye mauzo yasiyozidi Sh4 milioni kwa mwaka halipi kodi hiyo. Kuanzia hapo hadi Sh7 milioni, asiye na kumbukumbu analipa Sh100,000. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kiasi kilichozidi Sh4 milioni.

Chukua mama lishe anayeuza Sh15,000 kwa siku. Kwa mwaka mzima ni kama Sh5.5 milioni. Akiwa na kumbukumbu, kodi yake ni Sh45,000. Bila kumbukumbu ni Sh100,000, zaidi ya mara mbili. Kwa mauzo ya Sh9 milioni tofauti ni Sh150,000 na Sh250,000. Viwango hivi huguswa na bajeti, hivyo ulizia ofisi ya TRA kabla ya kukadiriwa.

Simu imeshaandika nusu ya hesabu

Anayepokea malipo kwa lipa namba, iwe M-Pesa, Airtel Money au Mixx by Yas, tayari ana taarifa nyingi: siku, saa na kiasi cha kila malipo. Tatizo huja pale laini moja inapopokea mauzo, ada ya mtoto na mchango wa harusi ya binamu. Ukiomba taarifa ya miamala, huwezi kujua ipi ni biashara. Dawa ni laini ya duka peke yake.

Mauzo ya taslimu yaandikwe jioni kabla ya kufunga. Google Sheets inatosha, na inaweza kutumika hata bando likiisha endapo faili limewekwa litumike bila intaneti. Andika ulichouza, ulichonunua pamoja na usafiri, na kilichoharibika. Hicho cha mwisho wengi hawakiandiki kabisa, wakati kwenye nyanya za Lushoto au machungwa ya Muheza ndiko faida inakopotelea.

Mwezi upi? Wa ukutani au wa angani?

Hapa ndipo watu wa pwani wanapopotezwa na programu za hesabu. Nyingi hulinganisha Machi na Aprili, wakati biashara ya Tanga haiendi hivyo.

Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki vizuri, mzigo unapungua Deep Sea na bei inapanda. Muuza dagaa akijumlisha siku zote 30 kwa pamoja, anapata wastani usiomsaidia kitu. Akitenganisha wiki za giza na za mbalamwezi, ataona lini anunue kwa wingi na kukausha, na lini auze akiba. Kumbe data hiyo babu zake walikuwa nayo kichwani. Vivyo hivyo kwa kusi na kaskazi: kusi ikivuma, vyombo vidogo vingi havitoki.

Muuza tende, tambi au unga wa ngano naye asilinganishe Machi na Machi. Ramadhani huja mapema zaidi kwa takriban siku 11 kila mwaka. Alinganishe Ramadhani na Ramadhani iliyopita, vinginevyo ataagiza mzigo wa futari wateja wakiwa wameshasherehekea Idi.

Ukitaka kukopa

Asiye na kumbukumbu mara nyingi huangukia mikopo ya kausha damu, kwa sababu huko haulizwi hesabu. Mtandaoni nako si salama sana: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Miezi sita ya mauzo yaliyoandikwa haimhakikishii mtu mkopo wa benki, ila inamwezesha kujibu swali ambalo afisa mikopo lazima aulize: marejesho yatatoka wapi? Pia inamwonyesha mwenyewe kama anaweza kulipa, kabla hajaweka rehani friji ya duka.

Namba za wateja si mali yako

Wengi sasa wana kundi la WhatsApp la wateja. Ni data nzuri, lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo alilolijua. Namba aliyokupa akuagize samaki usimpe mtu wa mikopo.

Na simu huibiwa. Weka nywila, kisha kila Jumamosi piga picha ukurasa wa daftari na uutume kwenye barua pepe yako. Simu ikipotea stendi ya Kange, hesabu za wiki ziwe zimebaki.