Machotara wa Singida na Sheria za Rangi

Mwaka 1906 serikali ya Kijerumani ilikataza kufungisha ndoa za Wazungu na Waafrika katika Afrika Mashariki. Amri hiyo haikuzuia machotara, yaani watoto wa mchanganyiko huo, kuzaliwa. Iliwanyima tu jina na urithi wa baba. Katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Singida, Wajerumani walikuwa na boma Kilimatinde na Mkalama, na tangu 1909 walichimba dhahabu huko Sekenke. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia Waingereza waliwafukuza Wajerumani nchini. Machotara wao wakabaki kwa mama zao, sawa na wengi waliozaliwa na wafanyabiashara wa Kiarabu na Kihindi.

Malezi yao yalitegemea sana ukoo wa mama. Wanyiramba kwa desturi walihesabu ukoo kwa upande wa mama, kwa hiyo mtoto wa mgeni hakukosa kwao. Kwa Wanyaturu mambo yalikuwa magumu zaidi: shamba na ng'ombe vilirithiwa kwa upande wa baba, na asiye na baba katika ukoo aliishi kwa hisani ya wajomba.

Waingereza waliongeza ubaguzi wa karatasi. Sheria ziliwagawa watu kuwa wenyeji na wasio wenyeji. Kodi zilitofautiana, na ardhi ya mwenyeji haikuhamishiwa asiye mwenyeji bila idhini ya serikali. Tangu 1931 hata deni la biashara la mwenyeji halikudaiwa mahakamani kama serikali haikuidhinisha mkopo. Chotara aliyetaka kufungua duka alibanwa kotekote: akihesabiwa mwenyeji, hakopesheki, akihesabiwa mgeni, ardhi ya wajomba inamponyoka. Shule nazo zilitengwa za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika. Mwaka 1955 viti 30 visivyo vya upande wa serikali katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika viligawanywa kumi kumi kwa Waafrika, Waasia na Wazungu. Machotara hawakutengewa hata kimoja.

Hata TANU, chama kilichopigania uhuru, ilianza mwaka 1954 ikiwa chama cha Waafrika. Oktoba 1961, baadhi ya wabunge walipotaka uraia ufuate rangi, Waziri Mkuu Julius Nyerere alitishia kujiuzulu pamoja na serikali yake. Januari 1962 shule za rangi zilifutwa, na mwaka 1963, Singida ilipofanywa mkoa, TANU ikawapokea wanachama wa rangi zote. Lakini kejeli ya kuwaita machotara “shombeshombe” haikuwa imeandikwa katika sheria yoyote ili ifutwe, na hadi leo inasikika.