Makamuo: Jina la Maziwa Yaliyotolewa Titini

Makamuo ni maziwa ya mama yaliyotolewa titini kwa mkono au kwa kifaa, yakawekwa ili mtoto anyweshwe baadaye. Neno limeundwa kutokana na kitenzi kukamua, kwa kiambishi ma- na irabu ya mwisho -o, kama vile kuvuna kulivyozaa mavuno na kufunua kukazaa mafunuo. Linapendekezwa kwa sababu majina yanayozunguka sasa yana kasoro, na mojawapo ni la aibu: "maziwa yaliyoelezwa". Aliyelitoa alikutana na kitenzi cha kigeni chenye maana mbili, kusema na kukamua, akachagua ile isiyohusu titi. Maziwa hayaelezwi. Mama wa Muheto, huko Masisi katika Kivu, mashariki mwa Kongo, aliyejifungua juzi, akisomewa kipeperushi chenye maneno hayo, hatapata la kushika.

Jina la pili, "maziwa ya kutosha", limetoka vinywani mwa watu wenyewe, na lingestahili heshima kama lisingevuka mpaka. Katika Kiswahili cha Kivu, kutosha ni kutoa: mtu hutosha viatu mlangoni. Pwani na vitabuni, kutosha ni kukidhi haja. Muuguzi wa Masisi akiandika kwamba mtoto anapewa maziwa ya kutosha, msomaji wa Dar es Salaam ataelewa kwamba mtoto anashiba, hali mtoto huyo pengine bado hajaweza kunyonya.

"Maziwa ya chupa" ni baya kuliko yote, maana hudanganya. Kwa wasikiaji wengi, maziwa ya chupa ni ya unga, yanayotoka dukani. Jina hilo huyaweka maziwa ya mama katika kapu moja na vibadala vile vile ambavyo Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, mwaka 1981, ulipitisha kanuni ya kuzuia visitangazwe kwa akina mama. Kamati inayoweza kupitisha jina la namna hiyo imetazama chombo, haikutazama kilichomo.

Pingamizi dhidi ya makamuo linajulikana: hukamuliwa ng'ombe, si mtu. Katika Masisi, nchi ya malisho na jibini, pingamizi hilo lina uzito. Hakuna mama anayetaka kufananishwa na mfugo. Lakini wanaolitoa hawakuchunguza kitenzi. Kiswahili kina vitenzi viwili, kukama na kukamua. Kukama ndicho cha zizini. Kukamua kina -u- ya kuondoa, ile inayosikika katika kuepua chungu jikoni na kupakua chakula, na katika umbo la -o- katika kuopoa na kung'oa. Maana yake ni kubana hadi kilichomo kitoke: hukamuliwa chungwa, nguo iliyofuliwa, ufuta, jipu. Kinyarwanda, kinachosemwa na wengi huko Masisi, kina jozi hiyo hiyo: gukama ni kwa ng'ombe, gukamura ni kwa kila kinachobanwa kitoe majimaji. Ni kweli kwamba siku hizi wasemaji wengi wa Kiswahili hukamua hata ng'ombe; matumizi hayo yamelegeza mpaka, hayakuufuta.

Kinyarwanda kimekwenda mbali zaidi, na hapa Kiswahili kinapaswa kukiri upungufu wake. Maziwa ya mama huitwa amashereka, ya ng'ombe amata, na hayachanganywi. Kiswahili huyaita yote maziwa, neno ambalo umoja wake, ziwa, ni titi lenyewe. Kina dang'a kwa maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, lakini kwa yaliyokwisha kutoka titini hakikuwa na kitu. Makamuo yanajaza pengo hilo kwa neno moja, tena lenye upatanisho uleule wa maziwa: makamuo haya, makamuo yamepoa. Kifaa chake kiitwe kikamulio, na "pampu ya matiti" iachwe kwa mafundi wa baiskeli.

Kitenzi cha kumpa mtoto makamuo ni kunywesha. Kunyonyesha kubaki kwa titi, na kulisha kungoje uji, ambao haufai kabla ya miezi 6.

Maneno hayo katika matumizi: mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kukamua, kikombe au biberoni, yaani chupa ya kunyweshea, ioshwe, kisha ichemshwe majini dakika 5. Pasipo friji, makamuo yatumike ndani ya saa 4 mahali pasipozidi nyuzi 25. Katika friji hukaa hadi siku 4. Hupashwa moto kwa kuzamisha chombo katika maji ya vuguvugu, wala si motoni moja kwa moja, kisha tone hujaribiwa kwenye kifundo cha mkono. Mtoto apakatwe akiwa ameinuliwa kichwa, biberoni ilale karibu sawa na ardhi, anyweshwe kwa kupumzishwa. Biberoni isiegemezwe kwenye mto wa kulalia, mtoto akaachwa peke yake. Pale ambapo maji safi na kuni ni haba, kikombe kilicho wazi ni salama kuliko biberoni, kwa kuwa hakina chuchu wala pembe za kuficha uchafu: ukingo hugusishwa mdomo wa chini, na mtoto huramba mwenyewe bila kumiminiwa. Yanayobaki baada ya kunywa yatumike ndani ya saa 2, au yamwagwe.