Fungu la Mgeni: Historia ya Karamu za Sikukuu Afrika Mashariki

Sikukuu inapokaribia, mazungumzo yetu kuhusu chakula huelekea kwenye asili. Pilau ilitoka Uajemi au Bara Hindi? Bokoboko ni la Waomani? Mbege ya Wachagga ilianza lini? Ni maswali mazuri, lakini majibu yake hayatuelezi kwa nini watu hukusanyika, wala kwa nini mlo wa Idi au wa Krismasi ukosapo watu huhesabiwa kuwa si karamu. Vyakula vya sikukuu katika Afrika Mashariki vimebadilika mara nyingi, na dini zilizosimamia sikukuu hizo zimebadilika pia. Kilichodumu ni sharti la kugawa: chakula cha siku hiyo lazima kitoke nje ya nyumba iliyokipika, na fungu la asiyekuwa mwenyeji lijulikane kabla sufuria halijainjikwa. Naona hapo ndipo ilipo historia halisi ya karamu zetu, na ushahidi wake ni wa muda mrefu.

Tuanze na wali, ambao leo hakuna sikukuu ya pwani bila ya kuwa nao. Haukuwa chakula cha tangu na tangu. Utafiti wa mabaki ya mimea uliofanywa na Sarah Walshaw kisiwani Pemba umeonyesha kwamba watu wa Tumbe, mji uliostawi kati ya karne ya 7 na ya 10, walitegemea zaidi nafaka za Kiafrika, hasa uwele, na mpunga ulikuwa kidogo. Ni katika mji wa Chwaka wa kisiwani humo, uliofuata kuanzia karne ya 11, ndipo mpunga uliposhika nafasi ya kwanza. Mpunga huhitaji maji na kazi zaidi kuliko uwele, kwa hiyo urahisi wa kilimo hautoshi kueleza badiliko hilo. Mwanaakiolojia Jeffrey Fleisher, akichunguza vyombo vya kulia vya miji hiyo hiyo, ameeleza kwamba karamu zilikuwa njia ya kujenga uhusiano na kupata heshima, na bakuli za kigeni zikaingia katika kazi hiyo. Bakuli kama hizo zilipachikwa pia katika kuta za misikiti na nguzo za makaburi ya pwani: chombo cha kukirimu kikawekwa mahali pa kumbukumbu ya mtu. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliletewa sinia kubwa la mti lenye wali wa samli, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, chakula kilichotoka nyumbani kwa mtawala. Huko Mombasa aliona watu wakila zaidi ndizi na samaki. Na kuhusu Sultani wa Kilwa, al-Hasan bin Sulaiman, sifa aliyoitilia mkazo ni ukarimu: mtawala huyo aliketi na mafakiri na kula nao. Kwa macho ya mgeni huyo, cheo cha mtu wa pwani kilipimwa kwa anayekula naye.

Uislamu uliipa desturi hii sheria na kipimo. Zakatul fitri ni wajibu juu ya kila nafsi katika nyumba, mkubwa na mdogo, na hutolewa kabla ya sala ya Idi ili maskini asilazimike kuomba siku hiyo. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani, kipimo ni pishi moja, kama kilo mbili na nusu, ya chakula kikuu cha mahali. Sharti hili ni muhimu kwa hoja yangu, kwa sababu sheria haikutaja wali. Ilitaja chakula wanachokula watu wa mji, na mji ulipohamia kwenye mchele, fungu la fukara likahamia huko pamoja nao. Sikukuu ya kuchinja nayo ina desturi ya kuigawa nyama mafungu matatu: la nyumba, la jamaa na majirani, na la maskini. Unguja na Pemba sikukuu huendelea kwa siku nne. Watoto huzunguka nyumba za jamaa kupokea mkono wa Idi, na sahani za vileja, visheti na tambi huvuka barabara pande zote mbili. Hata mchele wenyewe ulikuwa ukivuka bahari. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangamiza mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikazidi kuwa nchi ya karafuu, na visiwa vikazidi kutegemea mchele wa meli. Mashamba yalibadilika, karamu ikabaki na wali wake na mafungu yake.

Huenda mtu akasema kwamba ninachoeleza ni maadili ya Kiislamu tu. Makunduchi, kusini mwa Unguja, inajibu. Sherehe ya Mwaka Kogwa, inayoadhimishwa huko kila Julai, hufuata kalenda ya jua ya Nairuzi yenye asili ya Kiajemi, na sehemu zake zinazojulikana zaidi ni wanaume kupigana kwa mashina ya migomba na kibanda kuchomwa moto. Baada ya hapo hufuata chakula, na wenyeji huamini kwamba nyumba isiyopata mgeni siku hiyo imekosa bahati ya mwaka mzima. Kilimanjaro nayo yajibu kwa njia yake. Wamisionari wa Leipzig walifika huko mwaka 1893, na Bruno Gutmann, aliyeanza kazi mlimani mwaka 1902, aliandika kwa kina sheria za Wachagga na kutaka kanisa lijengwe juu ya vifungo vya ukoo na ujirani badala ya kuvivunja. Leo, Desemba ikifika, mabasi ya kwenda Moshi na Rombo hujaa watu wanaorudi kihambani, walikozikwa wazee wao. Mbuzi huchinjwa, kisusio hupikwa, mbege ya ndizi na ulezi hutengwa, na viungo vya mnyama hugawanywa kwa kufuata umri na nafasi ya kila mtu katika ukoo. Krismasi ilikuja na ibada yake. Mgawo ulikuwa ukiisubiri.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mgawo wenyewe hautendi haki. Nani ale nini, aketi wapi, ahudumiwe wa ngapi: haya yalitangaza vyeo, na pwani ya karne ya 19 ilikuwa na watumwa waliopika karamu wasizoalikwa. Ni kweli, na historia isiyosema hivyo ni ya kujipendekeza. Lakini mwanahistoria Jonathon Glassman, katika utafiti wake juu ya Pangani na Mrima kati ya 1856 na 1888, ameonyesha kwamba watumwa na wageni kutoka bara hawakuzipa karamu mgongo. Walipigania nafasi ndani yake. Watu hawapiganii fungu lisilo na maana. Walijua kwamba anayepewa chakula hadharani amekubaliwa kuwa mwenzao, na dai lao linaipa nguvu hoja ninayoitetea: mgawo ulikuwa ndio mlango wa kuingia katika jamii, ndiyo maana wengine walijaribu kuufunga.

Wengine watataja Geita, mwaka 2013, ambako mgogoro wa nani achinje nyama uligharimu maisha ya mtu. Chakula kinaweza kutenganisha, hatuna haki ya kukataa. Hata hivyo, desturi iliyoenea mahali pengi Tanzania ni mwenye karamu Mkristo kumwita Mwislamu amchinjie, ili jirani asije akafika akashindwa kula. Hapo mgeni amefikiriwa kabla mnyama hajafa. Ugomvi wa Geita ulitikisa nchi kwa sababu uligusa makubaliano ambayo watu wengi walikuwa wakiyaishi bila kuandikiana.

Sasa fedha za simu hufika mahali pa sahani, na wapo wanaotoa zakatul fitri kwa thamani, jambo ambalo madhehebu ya Hanafi huliruhusu na ya Shafi hulikataa. Sioni kwamba njia mpya ya kutuma inaua karamu, mradi mpokeaji awe anajulikana na haki yake iwe imetambuliwa. Ninachohofia ni uhifadhi wetu wa kumbukumbu. Tunakusanya mapishi na kusahau mafungu. Tunaandika vipimo vya iliki na mdalasini bila kuuliza sahani ya kwanza ilipelekwa kwa nani, nani alikosa, na akina mama waliokesha jikoni walikula saa ngapi na walibakiwa na nini. Makumbusho na vyuo vyetu viyaulize maswali hayo kwa wazee wangali hai. Mapishi yanaweza kufufuliwa na mpishi yeyote mwenye viungo. Mgawo ukisahaulika, hakuna kitabu cha upishi kitakachoweza kuurudisha.