Kwaya Mbele ya Kipaza Sauti

Historia ya uimbaji katika sharika za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania haikuishia kanisani. Sehemu yake nyingine ilitokea katika vyumba vidogo vilivyozibwa ili sauti za nje zisiingie, ambamo kwaya zilisimama mbele ya kipaza sauti na kujifunza upya kazi waliyodhani wanaijua tangu utoto.

Tarehe 26 Februari 1963 Mfalme Haile Selassie alifungua kituo cha Redio Sauti ya Injili mjini Addis Ababa, kilichoendeshwa na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Tarehe 19 Juni mwaka huohuo, makanisa saba ya Tanganyika yaliungana kuwa Kanisa moja. Vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa katika studio ya Moshi, kisha kanda zake zikapelekwa Ethiopia kurushwa hewani kwa masafa mafupi. Kazi hiyo iliendelea hadi Machi 1977, serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilipokitaifisha kituo hicho. Jijini Dar es Salaam, Radio Tanzania nayo ilirekodi nyimbo za kwaya katika studio zake.

Enzi hizo kwaya iliimba wimbo wote kwa pamoja, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwimbaji mmoja akikohoa katika ubeti wa mwisho, kwa kawaida wote walirudia. Kwa sababu hiyo mazoezi yalifanyika kwa majuma mengi, nao waimbaji waliingia studio wakiwa wameuhifadhi wimbo moyoni, ili hata mlio wa karatasi usisikike.

Hapo ndipo tofauti kati ya kanisa na studio ilipojitokeza. Kanisani, kuta na paa huirudisha sauti na kuzifunika kasoro ndogo. Mwenye sauti kubwa husifiwa kwa kuwa husikika hadi mlangoni. Studio haina mwangwi wa kumsaidia mwimbaji, na kipaza sauti hakijui heshima ya mtu. Fundi mitambo alilazimika kuwapanga waimbaji upya: wenye sauti nzito na kali walirudishwa nyuma, wenye sauti nyororo wakasogezwa mbele. Mahali pasipo na mwangwi, umbali ukiongezwa mara mbili, msukumo wa sauti hupungua kwa nusu. Hivyo hatua moja tu ilitosha kubadili uwiano wa kwaya nzima.

Waimbaji walijifunza pia kuzitawala pumzi na herufi. Herufi P na B hutoa pumzi inayokipiga kipaza sauti kwa kishindo, na S huweza kusikika kama mluzi. Walifundishwa kuelekeza mdomo pembeni kidogo, na kuimaliza S kwa wakati mmoja, kwani watu thelathini wakiimaliza kila mmoja kwa wakati wake, neno hupotea. Somo gumu zaidi lilikuwa kusikiliza kanda ikirudiwa. Wengi walishangaa kuisikia sauti yao kama ya mtu mgeni, na baadhi waligundua kwamba kwa miaka mingi walikuwa wakiimba chini kidogo ya nota.

Kaseti zilipoenea, kurekodi kukawa pia njia ya kuchangia kazi ya Bwana. Uzinduzi wa kanda ulikuwa na mgeni rasmi na harambee, na mapato yaliweza kununua vyombo vya muziki au kusaidia ujenzi. Kisha zikaja kompyuta. Sasa kila sauti iliweza kurekodiwa peke yake: soprano leo, besi kesho, kila mwimbaji akiwa na vipokea sauti masikioni. Tangu mwaka 1997 ilikuwapo hata programu, Auto-Tune, ya kuirekebisha nota iliyokosewa.

Mabadiliko hayo yalileta swali zito. Kwa kuwa muda wa studio hulipiwa, ilikuwa rahisi kuwachagua waimbaji wachache hodari, na wengine arobaini wakabaki nje, ingawa wote walichanga nauli na gharama. Kanda ilitoka safi, lakini mama aliyeimba alto kwa miaka ishirini hakuisikia sauti yake ndani yake. Aidha, pale mashine inapoaminiwa kusahihisha, mazoezi hulegea, na udhaifu hujulikana Jumapili kwaya inaposimama mbele ya washarika bila msaada wa fundi.

Kwaya zilizonufaika zaidi ni zile zilizorudi kutoka studio na nidhamu yake: kufika kwa wakati, kutamka maneno kwa usahihi, kumsikiliza jirani kabla ya kujisikiliza mwenyewe. Kwa kwaya hizo, kanda ilikuwa kipimo cha mazoezi. Wale ambao hawakuingia chumba cha kurekodi walifundishwa mambo yaleyale siku ya mazoezi, hata Jumapili kwaya nzima ikaimba kwa namna iliyojifunzwa na wachache.