Sababu ya bei ya vipande kushuka mgao unapotolewa

WAWEKEZAJI wengi wadogo huingiwa na hofu wanapotazama taarifa zao siku chache baada ya hazina ya uwekezaji wa pamoja kutoa mgao wa faida. Bei ya kipande iliyokuwa ikipanda kwa miezi kadhaa huonekana imeporomoka kwa siku moja. Wapo ambao hukimbilia kuuza wakidhani kwamba akiba yao imeliwa, ilhali hakuna hata shilingi moja iliyopotea.

Hazina ya aina hii hukusanya pesa za watu wengi na kuziwekeza katika hisa, hatifungani au amana za benki. Kila mwekezaji humiliki vipande kulingana na mchango wake. Nchini Kenya, hazina hizi husimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA).

Bei ya kipande haitokani na uvumi wa soko. Meneja hujumlisha thamani ya mali yote ya hazina, akaondoa madeni na gharama, kisha akagawanya kiasi kinachosalia kwa idadi ya vipande.

Tuseme hazina ina mali ya Sh50 milioni na vipande 500,000. Kila kipande kina thamani ya Sh100. Ikiamuliwa mgao uwe Sh6 kwa kipande, Sh3 milioni zitatoka hazinani na kubaki Sh47 milioni. Bei mpya itakuwa Sh94.

Mwenye vipande 200 alikuwa na mali ya Sh20,000. Baada ya mgao, vipande vyake vina thamani ya Sh18,800, lakini amepokea Sh1,200 mkononi. Jumla ni ile ile, kabla ya kodi.

Akichagua kuuwekeza mgao huo upya, Sh1,200 zitamnunulia takriban vipande 12.77 kwa bei ya Sh94. Bei ya kipande imeshuka, lakini idadi ya vipande vyake imeongezeka, na mali yake ingali Sh20,000.

Kwa sababu hiyo, kununua vipande siku moja kabla ya mgao kwa tamaa ya kuupata hakuna faida. Mnunuzi hurudishiwa sehemu ya pesa zake mwenyewe, na pale ambapo mgao unatozwa kodi, hurudishiwa pungufu.

Nchini Marekani hasara hiyo ni dhahiri zaidi. Hazina nyingi huko hutoa mgao wa faida iliyotokana na mauzo ya hisa mwishoni mwa mwaka, hasa Desemba. Aliyenunua Novemba katika akaunti ya kawaida hutozwa kodi kwa faida iliyopatikana kabla hajajiunga, hata kama aliuwekeza mgao wake upya.

Hisa za kampuni katika Soko la Hisa la Nairobi (NSE) hufuata mkondo unaokaribiana na huo. Bei huelekea kupungua pindi mnunuzi mpya anapokosa haki ya kupata gawio lililotangazwa. Hata hivyo, kiwango cha kushuka hakilingani na gawio kila mara, kwani wanunuzi na wauzaji ndio huamua bei. Mkazi wa Kenya hukatwa kodi ya asilimia 5 katika gawio hilo.

Hazina za soko la fedha, ambazo zinapendwa na Wakenya wengi, ni tofauti. Kwa kawaida bei ya kipande huko haibadiliki. Riba huhesabiwa kila siku na kuongezwa kwenye akaunti ya mteja, mara nyingi kila mwezi. Hivyo mteja haoni bei ikishuka.

Kosa jingine ni kulinganisha hazina mbili kwa kutazama bei pekee. Hazina inayogawa faida kila mwaka itaonekana dhaifu kando ya ile inayoihifadhi, hata kama mameneja wote wawili wamefanya kazi sawa. Kipimo cha haki ni bei pamoja na migao yote iliyolipwa katika kipindi hicho.

Kabla ya kuuza kwa hofu, mwekezaji anafaa kukagua mambo matatu: tarehe ya mgao, kiasi kilicholipwa kwa kila kipande na idadi ya vipande alivyo navyo sasa. Bei ikiwa imeshuka kupita kiasi cha mgao, hapo soko limeteremka na ana sababu ya kumuuliza meneja maswali. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.